Bahasha Yenye Selotepu

Bahasha yangu ilikuja kwenye mkanda wa kuchambulia karatasi chakavu saa tatu na dakika kumi asubuhi, imelala kati ya gazeti lililolowa na boksi la viatu.

Haikuwa imefunguliwa...

Niliisoma mara mbili. "Kwa Mhandisi Mkuu, Kiwanda cha Karatasi." Mwandiko ulikuwa wangu. Herufi M yenye mkia mrefu, niliyoiiga kwa mwalimu wangu wa darasa la tano, ilikuwa yangu. Selotepu pana niliyoizungusha mara mbili ili mvua isiingie, yangu pia.

Hiyo ndiyo barua niliyoomba nayo nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kwa wiki sita niliamini kwamba imesomwa, imepimwa, na imekataliwa.

"Tupa hiyo!" mama alisema kutoka upande wa pili wa mkanda. "Ina selotepu. Mkanda unakupita."

Sikuitupa. Niliisukuma ndani ya aproni yangu.

"Eh, Msomi! Mchumba kaandika?" aliuliza yule mwanamke tunayemwita Redio, kwa sababu huwashwa anapoingia bandani na huzimwa anapotoka. "Soma basi na sisi tusikie!"

Banda zima likacheka. Mama hakucheka.

Nami sikulia. Nataka mlijue hilo mapema, ninyi mnaonisoma hapa mtandaoni, kwa sababu katika simulizi za namna hii watu hulia sana. Mimi nilihisi kama mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi. Nilijua kuna maumivu mahali fulani, ila hayakuwa yamenifikia.

Niwaeleze nilivyofika pale.

Ninasoma uhandisi, mwaka wa tatu. Chuo kinamtaka kila mwanafunzi wa mwaka wetu afanye wiki nane kiwandani. Asiyepata mahali anarudia mwaka. Wenzangu walitamani mitambo ya umeme na mafuta. Mimi nilitamani karatasi. Nilikua nikimwona mama akirudi nyumbani na vumbi la karatasi kwenye nyusi, na tangu utotoni niliamini kwamba hakuna kazi iliyo safi kuliko kuchukua kilichotupwa na kukirudisha kikiwa cheupe, mtoto mwingine akaandike juu yake.

Mnaweza kucheka. Bado ninaamini hivyo.

Mama ni mchambuzi kwenye banda la kiwanda hicho. Ningeweza kumpa barua aipeleke, lakini sikutaka kuingia kwa mgongo wa mama. Nilitaka kuingia kwa sifa zangu.

Hivyo niliikabidhi kwa Pacha.

Si pacha wangu wa tumbo. Ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Wahadhiri walitupa jina hilo kwa kuwa ukimwona mmoja, mwenzake yuko hatua mbili nyuma. Wiki ile nilikuwa kitandani na homa. Pacha alipita nyumbani, akachukua bahasha yangu aipeleke pamoja na yake. Jioni akanitumia ujumbe wa neno moja.

"Imefika."

Kiwanda kilitoa nafasi mbili. Moja akapata kijana wa chuo kingine. Nyingine akapata Pacha.

Nilimpongeza. Nilimshonea hata kifungo cha ovaroli yake ya bluu kilichokuwa kinaning'inia! Kisha nikazunguka mji mzima nikibisha hodi viwanda vingine, na kila mlango uliniambia nimechelewa.

Mama ndiye aliyenitafutia kibarua cha bandani.

"Njoo uchambue nami," alisema. "Angalau usikae ndani unatazama dari."

Kazi yenyewe ni hii. Marobota ya karatasi chakavu hufunguliwa, yakamwagwa kwenye mkanda, nasi wanawake saba tunasimama pande zote mbili tukitoa kisichotakiwa: plastiki, pini, waya na selotepu. Kinachobaki huingia kwenye pipa kubwa mno tunaloliita Tumbo, ambamo karatasi huchanganywa na maji mpaka iwe rojo.

Selotepu ndiyo adui mkuu. Haiyeyuki. Kipande kikipenya, kitasafiri na rojo mpaka kwenye mashine kubwa inayotengeneza karatasi mpya, na pale kilipo, karatasi itakatika. Ikikatika, king'ora hulia kiwanda kizima.

King'ora kilipolia, mikono ya mama ilikuwa ikisimama. Kila mara. Wengine waliendelea na kazi na porojo zao. Yeye alisimama, vidole vikiwa juu ya mkanda, mpaka king'ora kinyamaze. Nilidhani ni kelele tu zinazomsumbua.

Siku yangu ya kwanza alinifundisha jambo moja:

"Mikono ifanye kazi, macho yasisome. Humu hakuna anayesoma. Ukisoma, mkanda unakupita."

Lakini mimi nilikuwa mgeni. Nilikuwa bado ninasoma kila kitu...

Basi tulipopumzika saa nne, nilivuka uwanja na bahasha mkononi. Pacha alikuwa kwenye bomba, ananawa grisi.

"Hii nini?" nikamwuliza.

Aliitazama. Maji yakaendelea kumwagika.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye taka, Pacha. Uliniambia imefika."

Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakaenda bandani, yakarudi.

"Sema basi!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwenzangu, naomba usiniulize."

"Tulikuwa watatu tulioomba. Nafasi zilikuwa mbili. Umehesabu vizuri."

Alifunga bomba taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Fikiria unavyotaka," alisema, akaondoka.

Nikafikiria nilivyotaka.

Wengi wenu mnalikumbuka chapisho lile, maana lilikuwa hapahapa. Nililiandika nikiwa nimekaa juu ya robota, kabla ya saa ya mapumziko kwisha. Niliweka picha ya bahasha. Niliweka picha ya Pacha katika ovaroli, akitabasamu, picha niliyompiga mwenyewe. Niliandika: "Huyu aliitupa barua yangu ili aingie yeye." Sikukosea hata nukta moja. Nilijivunia kwamba nimeandika kwa utulivu, bila tusi.

Matusi mliyaleta ninyi.

Siwalaumu. Mlinipenda. Kufikia Alhamisi mchana chapisho lilikuwa limesambazwa mara elfu mbili. Mlimwita nyoka. Mlitafuta chuo chake, mlitafuta nyumba ya dada yake. Nilisoma maoni yenu yote na sikuhisi raha yoyote. Nilihisi ganzi ileile, ila sasa ilikuwa na watu wengi ndani yake.

Ijumaa Mhandisi Mkuu aliniita ofisini.

Ni mzee wa makamo, sauti ndogo, ambaye husikiliza mashine hata unapozungumza naye. Meza yake ilikuwa na kalamu moja na sampuli za karatasi zilizokatwa mraba.

"Binti, kiwanda hakipendi makelele ya mtandaoni," alisema. "Mwenzako tumemwondoa. Nafasi iko wazi. Mwisho wa kuandikisha chuoni kwenu ni lini?"

"Jumatatu, saa sita mchana."

"Basi ni yako. Hiyo barua ilivyofika kwenye taka mimi sijui, maana mezani kwangu haikufika. Ila wewe karatasi unaijua kuanzia chini. Hilo linanitosha."

Nilisema ahsante. Aliendelea kunitazama.

"Unafanana na Mvushaji."

"Nani huyo?"

"Basi," alisema. "Nenda stoo wakupe ovaroli na kofia ngumu."

Nilirudi nyumbani saa kumi jioni nimevaa ile ovaroli. Nilitaka mama anione hivyo. Nilitaka angalau mmoja wetu afurahi.

Mama alikuwa jikoni ananawa mikono kwenye beseni. Aligeuka.

"Vua."

"Mama, nimepata nafasi! Mhandisi mwenyewe..."

"Nimesema vua hiyo nguo!"

Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti. Nilisimama na kofia mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Akakaa kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji.

"Barua niliitupa mimi."

...

Nilisikia tone likidondoka sakafuni. Halafu jingine.

"Pacha aliniambia imefika," nikasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Siku ile alipotoka chumbani kwako nilimfuata mpaka nje ya geti. Nikaichukua bahasha, nikamwapisha asikuambie. Kesho yake nikaitia kwenye gunia la karatasi za ofisini."

"Kwa nini, mama?"

"Baba yako hakufa barabarani."

Nilikuwa na miaka minne baba alipofariki. Nimekua nikijua kwamba ni ajali ya gari. Nilikuwa ninaogopa magari mekundu, kwa sababu katika kichwa changu nililipaka lile gari rangi nyekundu. Halikuwapo gari.

"Alikuwa kwenye mashine kubwa," mama alisema. Alizungumza akiitazama ovaroli, si mimi. "Karatasi ikikatika, lazima mtu ashike ncha yake, wanaiita mkia, aivushe tena katikati ya marola ya chuma yanayozunguka mpaka upande wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa mvushaji. Alikuwa mwepesi, wote walimsifu. Siku hiyo king'ora kikalia, akaenda. Rola likamshika mkono wa shati. Mkono wa shati tu, mwanangu."

Alivuta ncha ya mkono wa ovaroli yangu, akaiachia.

"Baada ya mwezi wakaniletea barua ya kazi ya bandani. Ndiyo ilikuwa pole yao."

"Na ukakubali? Palepale?"

"Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa unakula."

Kisha akasema, polepole zaidi:

"Waliniambia karatasi ilikatika siku ile kwa sababu ya kipande cha selotepu. Nikasema sawa. Basi mimi nitakuwa wa kuzitoa. Miaka kumi na saba ninazitoa."

Nilifikiria vidole vyake vikisimama juu ya mkanda.

"Kwa nini hukuichana, mama? Kwa nini hukuichoma tu?"

"Ina mwandiko wako."

Alijifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua atakayeikuta atatazama selotepu, si jina. Ataitupa kwenye kreti la plastiki, imekwisha. Nilisahau kwamba ukikosa nafasi, mimi mwenyewe nitakushika mkono nikulete kwenye mkanda uleule."

Nilitoa bahasha, nikaiweka mapajani mwake. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aisome mtu mmoja, hatimaye, barua ile.

Aliibandua selotepu kwa ukucha, kwa ustadi wa miaka yake yote, bila kuchana karatasi. Alisoma kimyakimya huku midomo ikicheza, mpaka mstari mmoja akausoma kwa sauti.

"'Niko tayari kufanya kazi karibu na mashine yoyote.'"

Akaikunja.

"Karibu na mashine yoyote," alirudia. "Umeandika kwa mkono wako."

Kila mmoja alikaa upande wake wa nyumba.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa dada yake Pacha. Shemeji yake ndiye aliyefungua mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Wewe ndiye uliyemwandika?"

"Ndimi, shemeji."

"Na bado una miguu ya kuja hapa!"

"Mwache aingie," sauti ya Pacha ikatoka ndani.

Alikuwa amekaa sakafuni anakunja nguo. Simu yake ilikuwa imezimwa, imewekwa juu ya kabati kama kitu kinachouma.

"Mama ameniambia," nikasema.

Aliendelea kukunja.

"Kwa nini hukusema, Pacha? Pale bombani, neno moja tu!"

"Mama yako alinishika miguu," alisema. "Mtu mzima, mama yako, alipiga magoti pale nje ya geti lenu, akaniambia kilichompata baba yako, na wewe uko ndani unatetemeka. Ningefanya nini? Nimrukie?"

"Ungeniambia mimi."

"Halafu wewe ungemfanya nini yeye? Ungemweka mtandaoni?"

Niliitazama simu ile juu ya kabati.

"Watu elfu mbili, sijui elfu tatu, wameniita nyoka," alisema. "Hao siwajui, hawanihusu. Lakini mmoja ni mwalimu wangu wa sekondari. Ameandika kwamba hashangai."

"Nitalifuta lile chapisho. Leo."

"Futa. Walioona wameona."

Aliinua shati, akalikunja, akalifungua, akalikunja tena.

"Kifungo ulichonishonea," akasema, "kilikuwa kimekaa vizuri."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu.

Jumatatu saa nne asubuhi niliiweka ovaroli juu ya meza ya Mhandisi Mkuu. Niliipiga pasi kwanza. Kofia nikaiweka juu yake.

Nilimweleza yote. Sikumwonea mama, wala sikumficha.

"Unajua ni saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nne na robo."

"Mlango wa chuo chenu unafungwa saa sita. Nafasi ya tatu sina, binti. Nikimrudisha mwenzako, wewe unarudia mwaka."

"Ninajua."

"Nikikubakiza wewe, anarudia yeye. Na hakuna atakayekulaumu, maana huko mtandaoni wote wako upande wako."

"Mrudishe yeye, tafadhali."

Alinyanyua simu. Alizungumza kwa dakika mbili. Alipoishusha, nilikuwa bado nimesimama.

"Mama amekuambia habari za baba yako?"

"Ameniambia."

"Nilikuwa kijana hapa siku ile. Nilikuwa zamu moja naye." Alisogeza sampuli zake za karatasi, akazipanga upya. "Siku hizi mkia tunauvusha kwa kamba. Mikono haiingii."

"Haiingii kabisa?"

Aligeuza kichwa, akaisikiliza mashine.

"Mara nyingi," alisema.

Nilirudi bandani, nikafunga aproni, nikasimama mahali pangu. Mama alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu, akaelewa. Hakutabasamu. Alipata alichokuwa akikitaka kwa wiki zote hizo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Wiki tatu zimepita. Ninarudia mwaka, hilo limekwisha kuandikwa. Barua ya mwakani ninaiandika sasa, mama akiwa amekaa mbele yangu. Nimeomba kazi moja tu: nijifunze pale mkia unapovushwa, nichore kila mahali ambapo mkono wa mtu unaweza kuingia, na nitafute namna ya kupaziba. Mama amesoma kila sentensi. Mstari wa mashine yoyote ameukata mwenyewe kwa kalamu.

Nimeandika haya hapa kwa sababu lile la kwanza niliandika hapa. Nilikuwa na bahasha halisi, picha halisi na maumivu halisi, na kwa vitu hivyo vitatu vya kweli nilijenga uongo mmoja mzima. Kati ya wote mlioandika, hakuna aliyeniuliza, "Je, umemsikiliza mwenzako?" Nami sikujiuliza. Mwenzako anaponyamaza, usifanye haraka kuandika hukumu juu ya kimya chake. Huenda kuna mtu amemficha humo ndani, na huenda mtu huyo ni wako. Kama ulimwita nyoka, rudi ulikoandika, ufute. Kama wewe ni yule mwalimu, mpigie simu.

Sikuandika ili anisamehe. Anapita mbele ya banda kila asubuhi katika ovaroli yake ya bluu, na hanisalimu. Ana haki hiyo.

Ila juzi Alhamisi, saa tano asubuhi, king'ora kililia.

Mikono ya mama ikasimama.

Na mikono yangu ikasimama pia. Sikuiamuru. Karatasi zikapita chini ya vidole vyangu, plastiki zikapita, na mimi nikiwaza kwamba mle ndani, karibu na mashine kubwa, kuna mtu niliyemshonea kifungo...

Redio alinyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Dakika nne. Ndipo king'ora kikakatika.

Juu, kwenye dirisha la chumba cha mashine linaloangalia bandani, mtu akatokea. Alikuwa Pacha. Hakutabasamu wala hakupunga. Aliinua mikono yake yote miwili, akaikandamiza kwenye kioo, vidole kumi vikiwa wazi, akaiacha hapo mpaka alipohakikisha kwamba tumehesabu.

Mama alihesabu. Niliona midomo yake ikicheza.

"Haya," akaniambia, sauti ikikwaruza. "Mkanda unakupita."